Roboti Kubwa za Kijapani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Wakusanyaji

Ni roboti zipi hasa zinazohesabiwa?

Ni zile za anime (katuni za Kijapani) zenye kimo cha ghorofa, ziwe zinaendeshwa kwa rimoti, na rubani aliyekaa ndani, au zina akili zake zenyewe. Aliyefungua mlango ni Mitsuteru Yokoyama na Tetsujin 28-go, iliyoanza kama hadithi ya picha mwaka 1956 kisha ikawa anime mwaka 1963. Humo roboti haina upande: anayeshika kisanduku cha rimoti ndiye bwana wake, awe mwema au mwovu. Mazinger Z ya Go Nagai, iliyoanza kurushwa Desemba 1972, ikamweka rubani juu ya kichwa cha roboti, na karibu kila kilichofuata kimejengwa juu ya wazo hilo.

Transformers nazo zimo. Wengi hudhani ni za Kimarekani, lakini midoli ya kwanza ilitoka katika mistari miwili ya bidhaa za Takara ya Japani, Diaclone na Micro Change. Hasbro waliinunua, wakaipa majina na hadithi mpya, wakaitoa Marekani mwaka 1984.

Nianze kutazama ipi?

Kuna koo mbili. Ukoo wa kwanza ni wa roboti shujaa: ni moja tu duniani, ina silaha yenye jina ambalo rubani hulipigia kelele, na kila wiki linakuja dubwana jipya. Anza na Mazinger Z (sehemu 92) au Getter Robo ya 1974. Ukoo wa pili ni wa roboti silaha: zinatoka kiwandani kama vifaru, zinaishiwa risasi, zinaharibika, na rubani anaweza kufa. Huu ulianza na Mobile Suit Gundam ya Yoshiyuki Tomino, Aprili 1979.

Kwa mtu mwenye muda mchache, filamu tatu za Gundam za 1981 na 1982 zinatosha badala ya sehemu zote 43. Macross ya 1982 ifuate. Evangelion ya 1995 iache hadi uwe umeona angalau mbili za zamani, kwa sababu nusu ya utamu wake ni jinsi inavyovunja mazoea ambayo hutayajua kama hukuyaona yakijengwa.

Mbona nyingi zinafanana na tangazo la midoli?

Kwa sababu ndivyo zilivyo, na hakuna aibu katika kulisema. Kampuni ya midoli ndiyo iliyolipia muda wa televisheni. Ikitaka roboti yenye vipande vitano vinavyoungana, waandishi walitafuta hadithi ya marubani watano. Hivyo ndivyo tulivyopata Combattler V (1976) na Voltes V (1977), ambazo midoli yake iliweza kweli kuachana na kuungana. Getter Robo iliyotangulia ilikuwa na ndege tatu zinazojichanganya kwa namna ambayo plastiki na chuma haviwezi, na wauzaji waliumia kichwa.

Gundam ni mfano mzuri wa upande wa pili. Mfadhili wake, Clover, alitaka midoli ya watoto wadogo. Tomino akatoa hadithi ya vita kwa vijana. Mauzo hayakuridhisha, na sehemu 52 zilizopangwa zikakatwa kuwa 43, ya mwisho ikarushwa Januari 1980. Miezi michache baadaye, Julai 1980, Bandai wakatoa kiti (kwa Kiingereza kit), yaani seti ya vipande vya plastiki vya kuunganisha mwenyewe, kipimo 1/144, kwa yeni 300. Kiti hiyo ndiyo iliyoiokoa Gundam. Clover wenyewe walifilisika mwaka 1983.

Kwa hiyo ukikuta roboti ina rangi ya ajabu au tarumbeta mgongoni isiyo na kazi, usimlaumu mchoraji kwanza. Uliza nani alikuwa mfadhili.

Kwa nini Waarabu wa rika fulani wote wanaijua Grendizer?

UFO Robo Grendizer (sehemu 74, 1975 hadi 1977) ilitiwa sauti za Kiarabu nchini Lebanoni na kusambaa katika televisheni za nchi za Kiarabu. Waswahili waliokulia Ghuba miaka ya 1980 wanaweza kukuimbia wimbo wake wa Kiarabu, ulioimbwa na Sammy Clark, bila kukosea neno. Ufaransa iliipokea mwaka 1978 kwa jina la Goldorak, Italia mwaka huohuo kama Atlas Ufo Robot. Ndiyo sababu midoli ya zamani ya Grendizer hupatikana Ulaya kuliko midoli ya roboti nyingine za enzi yake, tena yenye maandishi ya Kifaransa au Kiitaliano kwenye kasha.

Jina lipi nitumie katika mazungumzo ili nisieleweke vibaya?

Taja jina la Kijapani na mwaka, kisha jina la nchi uliyoiona. Voltron ya simba watano ni GoLion ya 1981. Robotech ya 1985 si tafsiri ya Macross pekee; ni mifululizo mitatu isiyohusiana (Macross, Southern Cross na Mospeada) iliyoshonwa kuwa hadithi moja ya sehemu 85. Mtu akisema “yule rubani wa Robotech”, muulize wa kizazi kipi kabla hamjaanza kubishana. Mabishano mengi kuhusu nani alimwua nani huisha hapo.

Chogokin ni nini?

Ndani ya hadithi, Chogokin Z ni metali iliyotengenezewa Mazinger. Dukani, ni jina ambalo Popy, kampuni tanzu ya Bandai, ililipa mdoli wake wa mwaka 1974: Mazinger Z wa kimo cha sentimita 12 hivi, mwenye mwili wa aloi ya zinki iliyomiminwa kwenye kalibu na ngumi zinazorushwa kwa springi. Namba yake ni GA-01. Uzito wake mkononi ndio uliouza. Mtoto alihisi ameshika chuma cha kweli.

Majina mengine utakayokutana nayo:

Jumbo Machinder, 1973, pia ya Popy. Ina kimo cha sentimita 60 hivi, imepulizwa kwa polithilini kama chupa ya shampuu, na kwa hiyo ni nyepesi kuliko inavyoonekana. Mattel waliuza baadhi yake Marekani kwa jina Shogun Warriors.

DX: toleo kubwa, kwa kawaida linalofanya kila kitu roboti inachofanya kwenye anime: kuachana, kuungana, kubadilika umbo.

Soul of Chogokin: mstari wa watu wazima ulioanza 1997 na GX-01, Mazinger Z tena. Viungo vingi, umbo lililo karibu na anime, mikono ya kubadilisha. Anayetaka kimoja tu kabatini achukue cha mstari huu.

Robot Damashii: plastiki kwa sehemu kubwa, karibu sentimita 12 hadi 14, viungo vingi, bei nafuu kuliko ndugu zake wa chuma. Metal Build ni upande wa pili wa mizani: kubwa, nzito, ghali, na wachoraji wamepewa uhuru wa kubadilisha maumbo.

Na HG, RG, MG na PG kwenye makasha ya Gunpla?

Gunpla ni kiti za plastiki za Gundam. Herufi ni daraja la ugumu na undani. Kipimo kinakupa kimo: Gundam ya kwanza, RX-78-2, ina mita 18, kwa hiyo 1/144 ni sentimita 12.5, 1/100 ni sentimita 18, na 1/60 ni sentimita 30.

HG (tangu 1990) ni 1/144 na ndiyo yenye aina nyingi kuliko zote. MG (1995) ni 1/100 yenye mifupa ya ndani. PG ni 1/60, mamia ya vipande, kazi ya wiki kadhaa. RG (2010) inabana undani wa MG ndani ya 1/144. Nzuri kwa macho, lakini vipande ni vidogo mno na viungo vya matoleo ya mwanzo hulegea, kwa hiyo si ya mtu wa kwanza. EG, kama ile ya RX-78-2 ya mwaka 2020, vipande vyake hung'olewa kwa vidole bila kifaa chochote. Kama hujawahi kuunganisha hata moja, anza na EG, kisha HG tatu, kisha MG. Wanaoruka moja kwa moja hadi PG mara nyingi huiacha kiunoni.

Nahitaji vifaa gani, na nakataje vipande bila kuacha alama?

Plaiazi ndogo ya kukatia yenye upande mmoja bapa, kisu chembamba cha blade za kubadilisha, kibanio cha stika, na misasa ya namba 400, 600, 800 na 1000. Gundi haihitajiki; kiti za kisasa hubana zenyewe.

Kata mara mbili. Mkato wa kwanza uwe mbali na kipande, ukiacha kikonyo cha milimita 2 au 3. Kipande kikishatoka kwenye fremu (kiunzi cha plastiki kinachoshika vipande), weka upande bapa wa plaiazi kuelekea kipande na ukate kikonyo hadi kibaki kama nusu milimita. Kilichobaki kiondoe kwa kisu, kisha msasa wa 400 kwenda 1000 kwa mfuatano, ukilowesha maji. Anayekata mara moja tu karibu na kipande huona doa jeupe: plastiki imevutwa kabla ya kukatika, na doa hilo limeingia ndani ya kipande. Kusugua kwa ukucha hupunguza weupe kidogo. Kwenye plastiki nyeusi au nyekundu iliyokolea hautaisha bila rangi.

Usikate vipande vyote kwa pamoja na kuvimwaga mezani. Namba ziko kwenye fremu, si kwenye kipande.

Nilitia wino wa mistari, kesho yake goti limepasuka. Kwa nini?

Wino wa mistari (unaokoleza mifereji iliyochongwa kwenye vipande) wa aina ya enameli una kiyeyushi kinachopenya kwenye plastiki, hasa ABS inayotumika kwenye viungo. Plastiki iliyobanwa na kijiti tayari ina mvutano ndani yake. Kiyeyushi kinakuta mvutano huo na kuufungua kama ufa. Mafuta ya kiberiti cha aina ya Zippo, ambayo wengine huitumia kufutia, hufanya hivyohivyo.

Zipo njia tatu. Tumia kalamu ya mistari ya wino wa kawaida badala ya enameli. Au puliza kwanza vanishi ya kung'aa ifunike plastiki, iache ikauke siku nzima, ndipo utie wino. Au tia wino kipande kikiwa kimetenganishwa, kisibanwe na chochote, na ukiunganishe baada ya kiyeyushi kuisha kabisa. Usimimine kwenye kiungo. Ncha ya brashi iguse mfereji tu, wino utatembea wenyewe.

Vanishi ya kufifisha mng'ao imegeuka ukungu mweupe. Imeharibika?

Hapana, ni unyevu wa hewa. Kiyeyushi kinapopaa hupoza uso wa kipande, mvuke wa maji unaganda juu yake na kunaswa ndani ya vanishi. Mombasa, Zanzibar na Dar es Salaam wakati wa masika hili ni karibu hakika, hasa asubuhi na jioni. Puliza mchana wa siku kavu, umbali wa sentimita 20 hadi 30, mikono myepesi mitatu ikipishana dakika 15, si mkono mmoja mzito. Kopo likae kwanza dakika kadhaa kwenye maji ya vuguvugu. Kamwe si kwenye moto wala juani.

Ukungu uliokwisha kutokea mara nyingi hutoka ukipuliza tena safu nyembamba ya vanishi ileile siku kavu: kiyeyushi kipya hulainisha ile ya chini na unyevu unatoka.

Makopo ya kupuliza, rangi na viyeyushi havisafirishwi kwa ndege kama vifurushi vya kawaida, kwa hiyo usiviagize Japani. Vanishi za magari zinazouzwa madukani hapa zinaweza kufaa, lakini baadhi huyeyusha plastiki ya kiti. Jaribu juu ya fremu tupu kwanza.

Nasomaje tangazo la muuzaji wa Kijapani?

Maneno machache yanakutosha. 未開封 (mikaifu): kasha halijafunguliwa. 美品 (bihin): kizuri, ingawa kimetumika. 欠品 (keppin): kuna vipande vilivyopotea, tafuta orodha yake. 黄ばみ (kibami): kimegeuka njano. 箱痛み (hako itami): kasha limeumia. 当時物 (tojimono): ni cha enzi yake, si toleo la kurudia. 復刻 (fukkoku): ni toleo la kurudia. ジャンク (janku): hakuna dhamana, hakuna kurudisha, hakuna kulalamika.

Hilo la mwisho lisikutishe wala lisikuvute. Wapo wauzaji wanaoandika janku kwa kitu kizima ambacho hawajui kukikagua, na wapo wanaoliandika kwa gunia la mikono na miguu ya roboti saba tofauti. Picha ndizo zitakazokuambia. Picha ikionyesha mbele tu, chukulia mgongo umevunjika.

Naagizaje, na jumla itafika ngapi?

Maduka kama AmiAmi na HobbyLink Japan hutuma nje yenyewe. Mandarake, ambao duka lao la Nakano Broadway jijini Tokyo ni kama msikiti mkuu wa fani hii, pia hutuma nje. Kwa Yahoo! Auctions na wauzaji wadogo unahitaji wakala wa kununua, kama Buyee au ZenMarket: yeye hununua, hupokea ghalani, na akikusanya vifurushi vyako hukutumia kwa pamoja. Utalipa mara mbili, kwanza bei na usafiri wa ndani ya Japani, kisha usafiri wa kimataifa. Kagua kabla ya kununua kama njia unayoitaka inafika nchini kwako.

Ukubwa wa kasha ndio unaoumiza. Makampuni ya kusafirisha vifurushi hutoza kwa uzito wa ujazo: urefu mara upana mara kina kwa sentimita, gawa kwa 5,000. Kasha la DX la 50 × 40 × 20 linahesabiwa kilo 8 hata kama mzigo una kilo 3. EMS ya posta ya Japani hupima uzito halisi, kwa hiyo kwa makasha makubwa yenye povu jeupe ndani mara nyingi ndiyo nafuu. Meli ni rahisi zaidi, ila miezi miwili au mitatu ndani ya kontena lenye joto si kitu cha kumfanyia mdoli wa PVC.

Forodha huhesabu ushuru juu ya bei pamoja na usafiri na bima. Chukua mdoli wa yeni 15,000 na usafiri wa yeni 6,000: msingi ni 21,000. Ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki kwa midoli ni asilimia 25, yaani 5,250, jumla 26,250. Juu yake VAT: Tanzania asilimia 18, yaani 4,725, Kenya asilimia 16, yaani 4,200. Kabla ya tozo ndogondogo umefika yeni 30,975 au 30,450. Kwa kifupi, zidisha bei ya dukani kwa mbili; ikibaki inakupendeza, nunua. Usimwombe muuzaji aandike bei ya uongo. Kifurushi kikipotea, fidia hulipwa kwa bei iliyoandikwa.

Nitambueje bandia?

Kwenye Gunpla, tazama fremu, usitazame kasha. Fremu halali ina jina BANDAI limetoka kwenye kalibu yenyewe. Waigaji hulifuta, na mahali pake huonekana pamekwanguliwa. Vipande bandia hubana kupita kiasi upande mmoja na kulegea upande wa pili, na plastiki huwa na harufu kali ya mafuta. Kwenye midoli ya chuma, pima uzito na ulinganishe na ule unaotajwa na wamiliki wengine, kagua ukingo wa rangi kwenye macho na kifua, na usome maandishi ya Kijapani kwenye kasha: waigaji hukosea herufi. Bei ya nusu kwa kitu kipya kilichofungwa, kutoka kwa mtu mwenye vingi vya aina hiyohiyo, ni jibu tosha.

Toleo la kurudia si bandia. Kosa ni kuliuza kama la mwaka 1974.

Nikague nini kwenye Chogokin ya zamani kabla ya kulipa?

Hesabu vitu vinavyoruka. Ngumi mbili, makombora yote, panga, mabawa: hivyo ndivyo vilivyopotea chini ya makabati miaka 50 iliyopita, na seti ya makombora peke yake inaweza kugharimu sehemu kubwa ya bei ya mdoli mzima. Omba picha ya springi ikiwa imebanwa na ikiwa imeachiwa. Matoleo ya kuuzwa nje ya Japani mara nyingi yalilegezwa springi kwa ajili ya usalama wa watoto, kwa hiyo ngumi isiyoruka si lazima iwe imeharibika. Kisha kingo za chuma zilizotoka rangi, stika, antena na pembe za kichwani, na mwisho mhimili wa chuma kwenye mabega, unaoshika kutu kabla ya kitu kingine chochote.

Kasha, povu la ndani, karatasi ya maelekezo na katalogi huongeza thamani kwa watu wa makasha. Kwa anayetaka kukiweka mezani, mdoli mzima usio na kasha ndiyo biashara nzuri kuliko zote.

Skrubu zinaharibika vichwa kila nikifungua.

Bisibisi yako ni ya msalaba wa kawaida. Skrubu za Japani ni za kiwango cha JIS. Mkato wake hauna mteremko uleule, kwa hiyo bisibisi ya kawaida huinuka na kula kichwa. Nunua JIS namba 0 na namba 1. Unapofunga, zungusha kwanza kinyume hadi usikie mlio mdogo wa nyuzi kukaa mahali pake, ndipo ukaze. Usipofanya hivyo unachonga nyuzi mpya kwenye plastiki kila mara, hadi tundu linapanuka.

Viungo vimelegea, roboti haisimami.

Kiungo cha gololi: paka gololi rangi ya kucha isiyo na rangi, safu moja nyembamba, iache ikauke saa 24 ikiwa nje ya tundu lake. Rudia kama haitoshi. Supaglu hufanya kazi pia na hudumu zaidi, lakini ukiiunganisha kabla haijakauka umepata sanamu. Kwenye kiungo cha meno kinacholia “krak krak”, usipake chochote. Hapo tatizo ni meno yaliyolika au springi, na dawa ni kipande kingine kutoka kwa janku.

Mdoli unanata mikononi.

PVC laini ina mafuta ya kulainisha ambayo hutoka polepole, haraka zaidi kwenye joto na kasha lililofungwa. Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, kausha, uweke penye hewa. Itarudi baada ya miezi, osha tena. Usipake poda. La hatari zaidi ni PVC hiyo kugusana na povu jeupe au plastiki ya kiti: mafuta yale huyeyusha polistairini na kuacha vishimo. Weka karatasi au nailoni ya polithilini katikati.

Plastiki nyeupe imekuwa njano. Inarudi?

Inarudi, kwa muda. Peroksaidi ya hidrojeni ya saluni, ile ya asilimia 6 au 12 inayochanganywa na rangi za nywele, ikipakwa na kuwekwa juani saa kadhaa hung'arisha plastiki. Toa kwanza stika, chuma na kromu, vaa glavu, funika kwa nailoni isikauke, na geuza kila nusu saa ili isiwe na mabaka. Lakini njano hurudi baada ya miaka na plastiki inakuwa dhaifu kidogo kila unaporudia. Kwenye kitu adimu, njano iliyo sawa kote ni afadhali iachwe.

Na kromu?

Ifute kwa kitambaa laini kilicholoweshwa maji tu. Dawa ya kung'arisha nguo huiyeyusha yote kwa dakika chache, spiriti huififisha, na hakuna njia ya kuirudisha nyumbani.

Nimesikia midoli huvunjika yenyewe kabatini.

Ni kweli kwa aina mbili. Ya kwanza ni plastiki iliyochanganywa na chembe za dhahabu, kwenye baadhi ya Transformers za mwishoni mwa miaka ya 1980 na za miaka ya 1990: inakuwa kama biskuti, inavunjika unapoigeuza, hata kama haijawahi kutoka kwenye kasha. Ukinunua moja, usiigeuze umbo. Ya pili ni aloi ya zinki iliyochafuliwa na risasi wakati wa kuyeyushwa. Unyevu ukiingia, chuma huvimba, hupasuka kwa nyufa ndogondogo na kumeguka. Haitibiki. Chogokin za miaka ya 1970 hupatwa na hili mara chache; ungaunga mweupe juu yake kwa kawaida ni uchafu wa juu tu wa zinki, unaofutika.

Nihifadhi vipi pwani?

Adui ni watatu: jua, unyevu, chumvi. Kabati la kioo lisitazame dirisha. Vifuko vya silika, gramu 50 hadi 100 kwa kila rafu iliyofungwa, vikauke kwenye oveni ya moto mdogo vikishajaa, na kipimo cha unyevu cha bei rahisi kikae ndani. Lenga asilimia 45 hadi 55. Mbali na bahari, Nairobi au Arusha, vumbi na jua ndivyo vya kuangaliwa zaidi. Wanaoishi mita chache kutoka ufukweni wafute chuma kila mwezi na watie tone la mafuta ya cherehani kwenye mihimili ya chuma, kwa kijiti cha meno, yasiguse plastiki. Toa betri zote kabla ya kuweka.

Makasha yasigusane na ukuta wa nje. Povu la ndani na karatasi za maelekezo zikishika koga, zianike kivulini, si juani.

Nitapata faida nikiviweka?

Usihesabu hivyo. Bandai wakitangaza toleo la kurudia, bei ya lile la kwanza huweza kushuka usiku mmoja, na wao hurudia mara nyingi. Vinavyoshikilia bei ni vile ambavyo kalibu yake ilipotea au kampuni yake ilikufa, na hivyo tayari ni ghali.

Mtoto wangu anataka kucheza nazo.

Mpe EG au SD (kiti za Gundam za kichwa kikubwa na mwili mfupi) mpya. Za bei nafuu, hazina ncha kali, na vipande vyake vinaagizika. Chogokin za zamani zina makombora yanayoingia kooni, na rangi zake ni za enzi kabla ya vipimo vya sasa vya risasi. Chini ya miaka 3, hata hizo mpya zikae juu ya kabati.